Naomba ushauri: shela linaungua kwa mwanga kwenye video, sura za maharusi zinakuwa giza

Habari zenu wakuu. Narekodi harusi, na Jumamosi ijayo nina kazi ya nje, saa saba mchana. Kazi iliyopita bado inaniuma: niliiacha kamera kwenye otomatiki. Bibi harusi akisogea na shela jeupe, picha yote inaingia giza. Bwana harusi mwenye suti nyeusi akijaza fremu, inawaka.

Sasa nataka kuseti mwenyewe. Narekodi fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo shata (muda wa kuingiza mwanga) ni nusu ya muda wa fremu, yaani 1/50 ya sekunde, na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100. Kwa jua lile nalazimika kufunga tundu la lenzi hadi f/22, dogo sana, na picha inapoteza makali. Nikipandisha shata hadi 1/1000, wanaocheza wanaonekana kukatakata. Kwa hesabu yangu, ili nibaki f/2.8, tundu likiwa wazi, nahitaji filta ya ND64, kioo cheusi cha mbele ya lenzi kinachopunguza mwanga mara 64. Ninunue hiyo au ile ya kuzungusha, unayoongeza au kupunguza giza lake? Ya kuzungusha naogopa ule msalaba mweusi unaotokea kwenye lenzi pana.

Na zebra (mistari kwenye skrini ya kamera inayoonyesha sehemu zilizofikia kiwango fulani cha mwanga) niiweke asilimia ngapi, shela lisiungue na ngozi zetu zisipotee gizani? Aliyewahi kurekodi juani anisaidie tafadhali.