Laravel au Django kwa mfumo wa AMCOS ya tumbaku? Naomba ushauri kabla ya Jumatatu

Kijana_wa_Ipuli
Wakuu habari zenu. Nipo Tabora mjini, nimepata kazi ya kutengeneza mfumo wa chama cha msingi cha tumbaku (AMCOS) upande wa Urambo. Wanachama, mikopo ya pembejeo, mauzo, makato, malipo. Jumatatu nakutana na bodi, wanataka niwaambie natumia fremuweki gani, yaani ule msingi wa kodi ulioandikwa tayari ambao mfumo unajengwa juu yake. Mwenyekiti kuna mtu kamwambia Laravel ya PHP, katibu naye mwanae anasoma chuo kasema Django ya Python. Mimi zote nimezigusa kidogo kidogo. Ipi bora? Naomba kuwasilisha.

Fundi_Isevya
Umeuliza gari zuri ni lipi bila kusema unapita barabara gani. Kompyuta ngapi? Wangapi wanaingiza data kwa wakati mmoja? Mtandao wa ofisi upo au ni bando la karani? Umeme ukikatika kuna nini? Na nani atabaki na huo mfumo siku ukipata ajira Dodoma?

Ngosha_Kodi
Laravel. Fungeni uzi.

Fundi_Isevya
Ngosha hata swali hujasoma.

Ngosha_Kodi
Nimesoma. PHP inakaa kwenye hosti yoyote ya bei ya chini, na kijana wa PHP hapa mjini humkosi, ukiita pale Kitete wanageuka watatu. Majedwali ya databesi unayaandika kwa migreshini, yaani faili za kodi zinazoyatengeneza, mambo ya kuingia kwa nywila yapo tayari, miamala ipo: data inaingia yote au haiingii kabisa. Mimi tangu Laravel ya 5 sijaona sababu ya kuhama.

Kijana_wa_Ipuli
Samahani, nilisahau. Kompyuta ni tatu. Mbili Windows 10, moja Windows 7 ya mhasibu, hataki kuiachia maana ina vitu vyake. Mtandao ni karauta ka laini ya simu, mvua ikinyesha unapotea. Wanachama mia nne na kidogo. Umeme unakatika lakini sio sana.

Fundi_Isevya
"Sio sana" ni mara ngapi kwa wiki?

Binti_wa_Nzega
Kama mtandao unakimbia mvua, achana na hosti ya nje. Seva ikae palepale ofisini, wengine waingie kwa kivinjari kupitia hiyo rauta. Bando likiisha kazi inaendelea. Kwa hilo Laravel na Django ni sawa tu.

Ninachoipendea Django ni ule ukurasa wa usimamizi ambao hukuuandika wewe. Unaeleza jedwali la mwanachama na la mkopo, unayasajili, jioni hiyohiyo katibu anaanza kuingiza majina. Nilifanya hivyo kwa kikundi cha asali: wiki nzima wanaingiza ndoo na majina ya warina asali, mimi bado nachora kurasa zenyewe. Ukiweka lugha kuwa sw, vitufe vingi vinajitokeza kwa Kiswahili bila kutafsiri.

Halafu ile mashine ya mhasibu usithubutu kuifanya seva. Python kuanzia 3.9 haikai kwenye Windows 7, na Django za sasa zinataka Python mpya kuliko hiyo. Iwe ya kivinjari tu, na hata hapo Chrome iliiacha kwenye toleo la 109.

Ngosha_Kodi
Laravel unaongeza Filament, kifurushi cha pembeni, unapata ukurasa uleule wa usimamizi, tena unapendeza zaidi.

Binti_wa_Nzega
"Unaongeza." Ndicho nilichosema. Na Laravel kila mwaka toleo kubwa jipya, marekebisho ya usalama miaka 2 basi. Django 5.2 iliyotoka Aprili 2025 ni ya muda mrefu, miaka 3. AMCOS itakulipa lini tena uje kuhamisha toleo?

Ngosha_Kodi
Mfumo uko ndani ya ofisi Urambo, hauonekani nje. Ataudukua nani, popo?

Mzee_FoxPro
Hamjambo vijana. Nimeandika mifumo tangu enzi za DOS. Microsoft walipotoa Visual FoxPro 9 mwaka 2004 halafu wakaitelekeza, nikahamia Access, databesi nyingine ya haohao Microsoft, na sijajuta. Kompyuta tatu, watu mia nne, nanyi mnazungumzia seva! Access fomu unaichora kwa kipanya, na ripoti inatoka kwenye printa kama ulivyoiona. Mkulima hajali fremuweki, anataka karatasi yake ya malipo: kilo, daraja, bei, makato ya mbolea, nyuzi, majora, kilichobaki. Nioneshe hapo kwenye Django ripoti yenye jumla ndogo kwa kila mkulima na jumla kuu chini, usihangaike siku mbili.

MamaSeva
Shikamoo mzee wangu. Kwa ripoti sikupingi, hata mimi nazikumbuka za Access kwa mapenzi. Ila ngoja nisimulie.

Nilikuwa nasaidia stoo moja ya pembejeo, sitaitaja. Kompyuta nne, faili la Access kwenye folda ya pamoja iliyo kwenye mashine ya mtunza stoo, wengine wanalifungua kwa WiFi. Misimu miwili hakuna neno, nikajiona mjanja. Siku ya kugawa mbolea, foleni imetoka mlangoni mpaka kwenye mwembe, umeme ukakatika. Laptopu ya keshia ina betri, inaendelea kama hakuna kilichotokea. Kompyuta ya mtunza stoo, yenye faili, imezima puu.

Umeme unarudi, tunafungua, inatuambia haitambui aina ya faili. Nikaendesha ukarabati. Likafunguka, lakini jedwali la mikopo lina safu zilizojaa maandishi kama ya Kichina, na nyingine zimeandikwa tu kuwa zimefutwa. Nikasema sawa, leteni bakapu. Karani akaleta fleshi kwa kujiamini kabisa, kila jioni alikuwa ananakili. Kweli, faili zaidi ya sitini zimepangwa kwa tarehe, sijaona mtu nadhifu vile. Kila moja KB 2. Alikuwa ananakili ile ikoni ya njia ya mkato iliyo kwenye skrini, si faili lenyewe.

Tulikaa usiku kumi na moja tunarudisha kila kitu kutoka kwenye vishina vya stakabadhi. Mzee mmoja akaja na kopo la majani ya chai, ndani amekunja stakabadhi zake zote tangu aanze kulima. Tulikuwa tumemwandikia mifuko ileile mara mbili. Kopo lake lilikuwa sahihi kuliko mfumo wangu. Tangu hapo sitaki kusikia faili la pamoja.

Mzee_FoxPro
Pole mama. Lakini hilo ni kosa la karani na la WiFi, si la Access. Ungevuta waya, ukagawanya: majedwali faili moja, fomu kila mtu na zake. Ukomo ni GB 2, wakulima mia nne hawaufikii hata wakilima na wajukuu.

MamaSeva
Karani huyo yuko kila ofisi, mzee wangu. Na kugawanya hakuzuii umeme kukatika katikati ya kuandika. PostgreSQL, databesi inayokaa kwenye seva, inaandika muamala kwenye kumbukumbu yake kwanza ndipo iguse majedwali. Umeme ukirudi inajisomea na kujinyoosha. Nunua na UPS, hata ndogo, mashine ipate dakika za kujizima kistaarabu. Bakapu iende yenyewe usiku, na mara moja kwa mwezi uifungue kwenye mashine nyingine uone kama kuna kitu ndani. Fremuweki chukua yoyote mnayogombania.

Dagaa_wa_Ujiji
Nawasalimu kutoka mwisho wa reli. Mimi mfumo wangu wa kununua dagaa pale Kibirizi ni Django na SQLite, databesi ya faili moja tu, mashine moja, mwaka wa tatu huu. Umeme ukatike usikatike, sijapoteza safu. Mnajitesa na PostgreSQL ya nini?

MamaSeva
SQLite ni nzuri kwa mashine moja kama yako. Hata yeye akiiweka nyuma ya Django kwenye seva moja itaenda. Ila atakayeweka lile faili kwenye folda ya pamoja ili mashine tatu zilifungue moja kwa moja, anarudi kwenye hadithi yangu.

Ngosha_Kodi
Dagaa wa Kigoma wanahesabiwa kwa Django, ndiyo maana bei haishuki.

Dagaa_wa_Ujiji
Bei inapandishwa na mwezi, ndugu yangu. Mbalamwezi ikiwaka hakuna dagaa. Hata Laravel yako haitaleta giza. Binti wa Nzega, hiyo asali bado ipo? Nina migebuka mikavu tubadilishane.

Binti_wa_Nzega
Ipo ndoo moja ya lita 20. Njoo pembeni.

Fundi_Isevya
Kabla hamjahamia sokoni. Hakuna aliyemuuliza mwenye uzi pesa anazihifadhije. Tumbaku bei yake ni kwa dola, na daraja alilotoa mteuzi, yule anayepanga ubora wa tumbaku, ndilo linaamua bei, mtumba (robota) kwa mtumba. Tuseme kilo 41.3 kwa dola 2.17, ni dola 89.621. Hiyo 0.001 unaikata kwenye mtumba au kwenye jumla ya mkulima? Mnunuzi akikata kwa njia moja nawe kwa nyingine, karatasi mbili hazitalingana na mkulima atajua ameibiwa. Na usitumie namba za desimali zinazoelea. Mwambie Python ijumlishe 0.1 na 0.2, itakujibu 0.30000000000000004. PHP ina ugonjwa uleule, ukiichapa kawaida tu inauficha. Tumia aina ya desimali kamili kwenye databesi, na kiwango cha kubadilisha dola kikae kwenye kila malipo, siyo sehemu moja kwenye mipangilio. Ukikibadilisha leo usije ukabadilisha na malipo ya mwezi uliopita.

Kijana_wa_Ipuli
Aisee. Mimi nilikuwa nimeweka kwenye mipangilio.

Mwananzengo
Samahani kwa swali la kishamba. Tume ya Maendeleo ya Ushirika si ina MUVU tayari, ule Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika? Bodi imeuliza kama hivi viwili vitaongea, au karani ataingiza kila kitu mara mbili? Na namba za NIDA za wakulima mia nne zitakaa kwenye laptopu ya nani? Ile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na AMCOS haikusamehewa.

Kijana_wa_Ipuli
Hilo la MUVU nitawauliza.

Binti_wa_Nzega
Na vitufe andika Kiswahili, lakini kwa akili. Kwangu karani aliona "Futa" akadhani ni kusafisha fomu aanze upya. Alifuta warina asali wanne. Siku hizi naandika "Ondoa mwanachama huyu", tena simwondoi kweli, namficha tu.

Ngosha_Kodi
Andika Kiingereza tu, cha kwenye simu wanakijua wote.

Mzee_FoxPro
Hapana. Mwaka fulani niliandika "Hifadhi", mhasibu akakataa kubonyeza kwa kuwa kwake hifadhi ni kule kwenye wanyama. Nikaweka "Tunza". Tukaelewana.

Fundi_Isevya
"Tunza" ni nzuri. Ila mwenye uzi hajajibu umeme unakatika mara ngapi.

Kijana_wa_Ipuli
Wakuu, mwenyekiti kanipigia sasa hivi. Anasema nisihangaike, seva keshanunua kwa shemeji yake, kesho nikaichukue. Nimemuuliza ina Windows gani, kasema "ile nzuri ya zamani".

Fundi_Isevya
Saba.

Ngosha_Kodi
Saba hiyo.

Mzee_FoxPro
Access inakubali.

Dagaa_wa_Ujiji
Binti, nimekutumia ujumbe. Ndoo hiyo usimpe mtu.