Gmail ya sasa nzito kwenye kompyuta ya zamani: nini kinazimika?

kipanga_mweusi
Wakuu, tangu ule mwonekano mwepesi wa HTML uondolewe mapema 2024, kompyuta ya RAM GB 2 inahema kila Gmail inapofunguka. Kushoto menyu mbili, Chat na Meet hazina kazi hapa, barua zinazoonekana bila kushusha ukurasa ni chache, na majibu ya wateja yanajificha ndani ya barua moja. Kipi kinazimika na kipi ndiyo basi tena?

gia_tatu
Mkuu, vingi vinazimika. Vitufe nataja kwa Kiingereza kama vilivyo. Bofya alama ya gia juu kulia, kisha "See all settings". Kwenye "Chat and Meet" weka Chat "Off", Meet chagua kuificha. Halafu shuka hadi chini kabisa ubofye "Save Changes". Hapo ndipo wengi wanapoteleza: wanafunga ukurasa bila kuhifadhi, kesho wanalaumu mtandao.

Majibu yanayojificha: kichupo cha "General", "Conversation view off". Kila jibu litakaa mstari wake. Ukiiacha imewashwa, jua kwamba mazungumzo hukatika na kuanza upya kichwa cha barua kikibadilishwa au barua zikizidi 100, ndiyo maana nusu ya maongezi huonekana imepotea. Tafuta kwa anwani ya mtumaji, usitafute kwa kichwa.

Kubana mistari: gia tena, "Density", "Compact".

bando_halitoshi
Compact inaongeza mistari tu, haipunguzii mashine mzigo hata kidogo. Kinachokula RAM ni JavaScript, yaani msimbo unaoendesha ukurasa wenyewe, na hiyo haina swichi. Unachoweza kuokoa ni bando: "General", sehemu ya "Images", chagua uulizwe kabla ya picha za nje kuonyeshwa. Barua za matangazo ndizo zinazonyonya. Na "Maximum page size" ishushe hadi 25.

Kwa GB 2 achana na kivinjari, weka Thunderbird, programu ya barua pepe ya kompyuta. IMAP (njia ya programu kusoma barua zako) ni imap.gmail.com, mlango (port) 993, SSL (usimbaji wa muunganisho). Kutuma ni smtp.gmail.com, mlango 465. Utahitaji nenosiri la programu lile la herufi 16, na halitolewi mpaka uwashe uthibitishaji wa hatua mbili.

gia_tatu
Hapo kwenye nenosiri umemzungusha bure. Thunderbird inatumia OAuth2, njia ya kuingia bila kuiachia programu nenosiri lako: inafungua kidirisha cha Google, unaingia kawaida, basi. Zile herufi 16 ni za programu kongwe zisizojua OAuth2. Akiziandika kwenye kile kidirisha zitakataliwa.

kipanga_mweusi
Thunderbird imekubali, ila kila barua inashuka mara mbili na diski inajaa.

bando_halitoshi
Hiyo ni "All Mail". Gmail haina mafolda, ina lebo. IMAP inaonyesha kila lebo kama folda, kwa hiyo barua ya Inbox iko pia ndani ya All Mail. Kwenye kivinjari rudi "See all settings", kichupo cha "Labels", mbele ya All Mail ondoa tiki ya "Show in IMAP". Ila ukifanya hivyo, zile ulizozihifadhi kwa "Archive" bila lebo hutaziona kwenye Thunderbird. Zipe lebo kwanza.

kipanga_mweusi
Nazipa lebo "Zamani" zote kabla sijagusa tiki.