Kushuka Mombasa na pesa kidogo: tupeane uzoefu

baba_wa_Umoja

Wadau, habari za jioni. Hapa Umoja, Nairobi, baridi ya Julai imetukaba, watoto kila siku ni bahari, bahari, na mfuko wangu mnaujua. Shule zikifungwa Agosti nataka nishuke Mombasa na mama watoto pamoja na wadogo wawili, wa miaka 9 na 5. Kazini kila ninayemuuliza ananitajia hoteli za kula na kunywa mpaka ushindwe. Hizo nimewaachia wenyewe. Namtafuta aliyeenda na pesa ya mtu wa kawaida, akala, akaogelea, akarudi bila deni la mtu. Ushauri wa kusikia sitaki. Niambie ulichofanya wewe.

makanga_mstaafu

Nauli kwanza, mengine baadaye. Treni daraja la kawaida ni 1,500 tangu Januari 2024. Ilipoanza 2017 tulipanda kwa 700, lakini tusilie. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu, kwa hivyo nyinyi wanne ni 4,500 kwenda na nyingine kama hiyo kurudi. Unapiga *639#, unachagua siku, unalipa kwa simu. Likizo ya Agosti viti huisha mapema sana, kwa hivyo ukishapata tarehe usikae ukiifikiria.

Ukiwa na watoto panda ile ya saa 2 asubuhi. Inasimama Emali, Mtito Andei, Voi na kwingineko, ni kweli, lakini mnapita Tsavo mchana na ndovu mnawaona mkiwa mmekaa, bila kulipa kiingilio cha mbuga. Ya saa 9 alasiri ina haraka zaidi, ila mnafika Miritini, stesheni ya Mombasa, giza limeingia, na hiyo ndiyo saa ya wenye teksi kupanga bei wanavyotaka. Ukifika mchana, wapite wote wanaokushika mkono wa begi, toka nje, panda matatu ya mjini.

Fika stesheni ya Syokimau mapema. Mizigo inapangwa chini kwa mstari, mnaambiwa mrudi nyuma, mbwa anapita akinusa begi moja moja. Mama mmoja mbele yangu alinyang'anywa kisu cha kumenyea maembe, akabaki na ndoo nzima ya maembe. Sisi hubeba chapati na mayai ya kuchemsha, chai ya ndani ya treni tunawaachia wengine.

nyama_ya_Burma

Mimi ni wa basi la usiku na sibadiliki. Unapanda saa 3 usiku, alfajiri unashushwa Mwembe Tayari, uko katikati ya mji, na usiku mmoja wa kulipia kitanda umeuokoa. Kwa watoto wa miaka 5 lakini, sijui. Zile kilomita 480 hazina huruma kwa mgongo.

mama_wawili_SouthB

Baba wa Umoja, wangu wana umri kama wa wako, kwa hivyo nisikilize vizuri upande wa nyumba.

Sisi hatulali hotelini. Tunakodi nyumba ya chumba kimoja cha kulala upande wa Bamburi, ina jiko, ina sufuria, tunapika jioni. Mtwapa ni rahisi zaidi, ila mtalipa tofauti hiyo kwa matatu kila mkitaka mjini. Kabla ya kutuma pesa yoyote muulize mwenye nyumba mambo matatu. Kwanza, tokeni za stima zinalipwa na nani, maana akikwambia kuna AC na tokeni ni zako, hiyo AC itakumaliza. Feni ya dari inatosha, hasa Agosti. Pili, baharini ni mwendo gani kwa miguu. Kuna mmoja alituambia "dakika tano", tukafika tukagundua ni dakika tano za bodaboda.

Tatu ndilo watu wa Nairobi hatulijui: maji. Nyumba nyingi kule zinatumia maji ya kisima, na ni ya chumvi. Siku ya kwanza nasugua sahani, sabuni haitoi povu, naongeza, haitoi, nadhani nimeuziwa sabuni bandia. Mkubwa wangu akaenda kupiga mswaki, akatema mbio: "Mama, wamemwaga bahari kwa tanki!" Ukiogea hayo, nywele zinakauka, na chai ukiipikia utaimwaga. Suluhisho ni mitungi ya lita 20. Kuna vijana wanapita na mikokoteni wakiuza maji matamu, wanakuletea hadi mlangoni. Ya kupikia na kunywa nunua hayo, ya chooni na kuogea vumilia. Hiyo gharama iweke kwenye hesabu yako tangu nyumbani.

Kiingilio nilicholipa bila kunung'unika ni cha Haller Park, pale pale Bamburi. Zamani yalikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, yakapandwa miti, sasa kuna twiga na kobe wakubwa. Ndipo alipoletwa yule kiboko Owen, aliyenusurika baada ya tsunami ya 2004, akafanya urafiki na kobe Mzee. Wasimulie wadogo kabla hamjaenda.

kijana_wa_Kibokoni

Nimezaliwa Mji wa Kale, kazi ndiyo iliyonileta Nairobi. Nyinyi watu wa bara mwatushangaza kwa jambo moja: mwaja kuogelea bila kuuliza maji yako wapi. Mwafika ufuoni saa 4 asubuhi, bahari imerudi kule mbali kwenye mwamba, mwasema "mbona hakuna maji?" Kisha mwakasirika, mwaenda kulipia bwawa la hoteli.

Sikiza. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yachelewa kama dakika 50. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiandama, hilo ni bamvua: maji hujaa sana karibu saa 10, alfajiri na jioni, na hupwa sana karibu saa 4 asubuhi. Wiki moja baadaye ni kinyume, asubuhi ndiyo ya kuogelea. Tazama mwezi kabla ya kukata tikiti, ni bure.

Maji kupwa nayo si hasara. Ndio wakati wa kutembea na watoto kwenye vidimbwi, wakaona kaa, samaki wadogo na kiti cha pweza, yule wa umbo la nyota. Wavae viatu vya plastiki, kuna wale viumbe weusi wa miiba mirefu, ukimkanyaga mmoja likizo yako imekwisha. Na maji yakianza kurudi, rudi nayo. Usingoje yakufike magotini uko mbali.

Agosti ni kusi, msimu wa upepo wa kutoka kusini. Upepo upo, mawimbi yapo, mwani utauona umelala mchangani. Lakini joto si lile la Februari la kulala sakafuni, na watu si wengi kama Desemba.

shangazi_Pangani

Vijana, mmeongea nauli na maji, chakula mbona mmekiruka? Pesa ya Mombasa hupotelea mdomoni.

Mume wangu ni wa kule, kwa hivyo nimefundishwa na mawifi, na mawifi hawafundishi kwa upole. Sheria yao ya kwanza: usile mahali penye menyu ya picha. Asubuhi tunatoka na bakuli letu tupu, tunaingia vichochoroni, tunatafuta mlango wenye foleni ya watoto waliotumwa. Mama amekaa kwenye kigoda, karai la mahamri upande huu, sufuria ya mbaazi za nazi upande ule. Unampa bakuli, anakutilia mbaazi, anakufungia mahamri kwenye gazeti, na mafuta yanaanza kuchora duara kabla hujageuka. Watu wanne mnashiba kwa pesa ambayo Nairobi mjini ingenunua sambusa na soda ya mtu mmoja. Nenda mapema lakini. Saa 3 anaosha sufuria.

Mchana ndio mpike nyumbani, au mtafute wali wa nazi na samaki kwenye vibanda wanakokula mahamali na makarani. Jioni ndiyo raha yenyewe. Viazi karai na ukwaju, mishkaki, bhajia, mkate wa mofa. Mzee wangu haendi kulala bila kahawa chungu, ile inayomiminwa kutoka kwa dele lenye makaa chini, anaipiga na kashata, na hapo barazani anapata habari zote za mji ambazo mimi ningehitaji wiki kuzipata.

Siku moja muwapeleke watoto Mama Ngina, ule ufuo uliotengenezwa upya 2019. Kukaa ni bure. Mnanunua muhogo wa kukaanga uliopasuliwa katikati ukapakwa pilipili na ndimu (wa mtoto sema bila pilipili, na useme mara mbili), dafu mnagawana, mnakaa chini ya mibuyu mkitazama meli zinavyoingia Kilindini. Zinapita karibu mpaka mnaona mabaharia wanavyopunga mkono. Wajukuu zangu hiyo waliipenda kuliko Fort Jesus. Hata hivyo Fort Jesus ingieni, Wareno waliianza 1593 na kuta zake bado zinatisha. Beba kitambulisho, maana raia bei yake ni tofauti na ya mgeni.

Na mama watoto ajifunge leso akipita Mji wa Kale. Kaptura za ufuoni zibaki ufuoni, hapo ni nyumbani kwa watu. Leso zenyewe ziko Biashara Street, mwambie asinunue duka la kwanza, na la pili asinunue pia. Mkienda mwezi wa Ramadhani mjue mchana vibanda vingi vimefungwa, ila jioni mtakula vitu ambavyo mwaka mzima havionekani.

jirani_Embakasi

Mimi nitapinga kidogo. Kuna miezi, hasa Mei na Juni mvua ikinyesha, hoteli kubwa hushusha bei mpaka ukipiga hesabu ya nyumba, mitungi, matatu na mahamri, unaona afadhali ulale hotelini ule bila kupika. Mke wangu alisema likizo ya kuosha sahani si likizo. Sikuwa na jibu.

mama_wawili_SouthB

@jirani_Embakasi, kwangu sahani anaosha baba yao.

fundi_Kariobangi

Mimi hutumwa Mombasa kufunga mitambo, muda wa raha ni Jumapili tu, kwa hivyo nina safari moja ya bei rahisi kuliko zote: feri ya Likoni. Mwenye miguu halipi. Unavuka, unarudi, unavuka tena ukitaka. Simama pembeni kwenye chuma, upepo unakupiga, meli ya makontena inapita mbele yako feri ikingoja. Kwa mtoto wa Umoja hiyo ni meli na ni bahari, kwisha. Epuka asubuhi na jioni watu wakienda na kutoka kazini, umati ule ukishuka kwenye mteremko unakubeba. Shika mtoto mkono, si nguo.

Upande wa pili uko karibu na ufuo wa Shelly, umetulia kuliko Bamburi. Ukiwa na siku nzima, matatu za Ukunda zinaanzia hapo hapo Likoni. Shukia Ukunda, panda tuktuk hadi Diani. Mchanga wa Diani ni ule ule kwa aliyelipa hoteli na kwa aliyekuja na chapati zake.

baba_wa_Umoja

Asanteni sana, nimenakili yote. Na pale ufuo wa Pirates, Bamburi, kuna kiingilio? Naambiwa ndiko watoto wanapenda.

makanga_mstaafu

Ufuo ni wa umma, huingii kwa pesa. Pesa inaanza ukishakanyaga mchanga. Maboya, ngamia, farasi, mashua ya kioo, kila mtu anakuita "rafiki". Uliza bei kabla hujagusa, na uulize ni ya dakika ngapi. Mpiga picha naye, mwambie idadi kabla hajainua kamera. Kuna jirani yangu alipigwa picha watoto wakiruka, wakikimbia, wakilia, akaletewa zote azilipie. Jumapili jioni pamejaa, hata pa kutandika leso hupati. Nenda katikati ya wiki.

kijana_wa_Kibokoni

Na mmoja wenu wawili abaki hana simu mkononi, anatazama watoto tu. Bahari haina kelele mtoto akizama.

shangazi_Pangani

Hilo kweli, mwanangu.

baba_wa_Umoja

Nimeangalia kalenda ya mwezi na nimepiga *639#, asubuhi tumepata viti vinne pamoja. Mama watoto amesoma uzi wote jana usiku, ana swali moja tu: hakuna nyumba Bamburi yenye maji matamu?

mama_wawili_SouthB

Ziko. Lakini usimwamini kwa mdomo, mwambie akutumie video akinawa mikono kwa sabuni chini ya mfereji wa jikoni. Wa mwisho nilimfanyia hivyo, akacheka sana, halafu akatuma. Povu hadi kwenye viwiko. Namba yake nakutumia inboksi, mwambie ni yule mama wa sabuni.