Mjadala: Je, sheria itulazimishe kuwafungia paka ndani?

MLETA MADA
Wakuu, salamu kwenu. Huko Canberra, Australia, paka yeyote aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Julai 2022 haruhusiwi kuzurura. Anakaa ndani, au kwenye kizimba uani, au anatoka akiwa na kamba mwilini. Mwaka huohuo mji wa Walldorf, Ujerumani, uliwaamuru wakazi wa sehemu ya mji kutowaachia paka wao nje hadi mwisho wa Agosti, kwa sababu ya aina moja ya ndege mwenye kishungi anayetaga ardhini na ambaye anakaribia kutoweka pale.

Ndege wamepata watetezi wao. Mimi nauliza kwa niaba ya paka. Mtu akimwachia mbwa barabarani tunamwita mzembe. Akimwachia paka tunasema ndiyo tabia yake. Kwa nini? Kule Athens, jimbo la Georgia, Marekani, watafiti waliwavisha paka 55 wa majumbani kamera ndogo shingoni ili waone wanakokwenda. Asilimia 45 walivuka barabara. Robo walikutana na paka wageni, robo walikula au kunywa vitu walivyovikuta huko nje, na mmoja kati ya kila watano aliingia kwenye mitaro ya maji ya mvua. Na wenyewe majumbani wanajua paka amelala kivulini!

Msimamo wangu: sheria iwepo, na faini iwepo. Karibuni mnipinge.

SHUME
Nakupinga mchana kweupe. Paka hakuletwa kwa kamba kama ng'ombe. Alifuata panya kwenye maghala ya nafaka, akaona binadamu hana neno, akabaki. Leo unataka awe pambo la sebuleni? Wa kwangu anatoka alfajiri, anarudi akipenda. Mwili umekaza, manyoya yanang'aa. Wenu wa ndani nawaona: tumbo linaburuta, makochi wameyararua, wanakojoa kila kona. Na roho ya paka mnaijua, hata akianguka kutoka ghorofani anatua na miguu yake, anajikung'uta, anaondoka.

MAMA NYAU
Shume, hiyo ya ghorofa usiwadanganye watu. Najua ilikotoka. Mwaka 1987 madaktari wa wanyama wa New York walichapisha taarifa za paka 132 walioanguka kutoka maghorofani, na kati ya waliotibiwa, tisa kwa kila kumi walipona. Watu wameng'ang'ania hapo. Hawasemi kwamba waliohesabiwa ni wale waliofikishwa hospitali. Aliyekufia chini pale hakuna aliyembeba kwenda kuandikishwa. Na hao waliopona, wengi walikuwa na mapafu yaliyojeruhiwa, mataya na meno yaliyovunjika. Kujigeuza hewani anajua, hilo sikatai. Sakafu ya saruji haijali alivyojigeuza.

MPITA NJIA
Mleta mada, faini ataidai nani? Askari awakimbize paka ukutani? Nangoja video.

TABIBU WA WANYAMA
Naomba nafasi, nitakuwa mrefu kidogo.

Shume ana hoja moja ambayo watetezi wa ndani hupenda kuiruka. Paka wa ndani asiye na pa kupanda, pa kujificha wala mtu wa kucheza naye hunenepa, na unene humletea kisukari. Madume hupata tatizo la kibofu linalohusishwa na msongo: anaingia kwenye sanduku la mchanga, anachuchumaa, hatoki kitu. Dume aliyeziba mkojo asipotibiwa haraka anakufa, na wenyewe wengi hudhani ana choo kigumu. Kwa hiyo "ndani" peke yake si dawa.

Sasa ya nje. Aliyegongwa na gari mara nyingi simjui kwa damu. Namjua kwa kucha. Anapogongwa hujaribu kung'ang'ania lami, kucha zinachanika na kuparara nchani. Mwenyewe ananiambia amekuja tu kwa sababu paka hataki kula. Nikiangalia vidole tayari najua. Mwingine anatembea vizuri kabisa ila anahema kwa tumbo. Kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kimepasuka, utumbo umepanda juu, mapafu hayana nafasi. Huyo ukimwacha "apumzike kwanza" unaweza kumkuta amekufa.

Kuumana na paka shume ni habari nyingine. Meno ya paka ni membamba, yanatoboa tundu dogo linalofunga haraka juu na kuacha uchafu ndani. Siku mbili tatu baadaye shavu au shina la mkia linavimba, homa inapanda, usaha unajaa. Usaha tunautoa. Kinachonisumbua ni virusi vya FIV vinavyodhoofisha kinga ya paka, ambavyo hupita hasa kwa njia hiyo ya kuumana, na dume asiyehasiwa ndiye anayepigana zaidi. (Binadamu haambukizwi FIV, msianze kuwatupa.)

Sumu ya panya iko ya aina nyingi. Ile inayozuia damu kuganda haimwangushi palepale. Zinapita siku kadhaa, kisha fizi zinapauka, anahema, damu inavuja ndani isikoonekana. Anaweza kuila yenyewe au kumla panya aliyekwisha kuila. Tukiwahi, vitamini K humwokoa. Kulanti, yaani maji ya kupoozea injini ya gari, yenye kemikali ya ethilini glikoli ni mbaya zaidi: kiasi cha kijiko cha chai kinatosha kuua figo za paka mzima, na dirisha la kumtibu ni kama saa tatu tangu anywe. Nani anajua saa ambayo paka wake alilamba dimbwi chini ya gari la jirani?

Kichaa cha mbwa sitaki kukirefusha. Paka anakipata, anakiambukiza, na dalili zikishatokea hakuna kurudi, kwa paka wala kwa mtu. Anayetoka nje bila chanjo ni hatari kwa nyumba nzima. Aking'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu aende hospitali siku hiyohiyo.

Lakini nilitaka kusema hivi hasa: mnajadili paka wawili mkidhani ni mmoja. Kuna mzururaji na kuna mtorokaji. Mzururaji anajua ukuta upi unapandika, mbwa yupi amefungwa, gari linapita saa ngapi. Anakufa pia, ila anajua. Mtorokaji ni yule wa ndani aliyechomoka mlango ulipoachwa wazi mtu akiingiza mizigo. Hajawahi kusikia honi kwa karibu. Akisikia, anakimbilia uvungu wowote ulio mbele yake, na uvungu wenyewe mara nyingi ni wa gari, ikiwezekana anapanda hadi kwenye injini iliyo na joto. Mwenye gari akiwasha, mkanda wa feni unamkuta humo.

MLETA MADA
Daktari, ahsante, ila umeipa nguvu hoja yangu. Akifungiwa vizuri hatoroki.

SHUME
Wapi! Ameivunja. Ukilazimisha watu wote wafungie, unatengeneza mitaa mizima ya paka wasiojua barabara ni nini. Siku mlango ukisahaulika, na utasahaulika tu, wanakwenda kufa kifo cha ujinga. Wangu nilimwachia angali mdogo, akajifunza.

MAMA NYAU
Akajifunza yeye. Na wale ndugu zake wa tumbo moja waliojifunza mara moja tu wakaishia kwenye lami, mbona huwataji? Unahesabu walionusurika kama wale wa New York.

JIRANI MWENYE BUSTANI
Mimi paka sina na sitaki. Ninao hata hivyo, kila asubuhi, kwenye matuta ya mboga. Wanafukua, wanafanya haja, wanafukia, wanaondoka. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kuwa choo cha paka wa mtu. Na si harufu tu. Kuna kimelea cha toksoplazma ambacho hukomaa kwenye utumbo wa paka. Mayai yake hutoka na kinyesi na yanaweza kudumu kwenye udongo wenye unyevu zaidi ya mwaka. Nyumbani kwangu kuna mjamzito, na ugonjwa huo unaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mnaongelea haki ya paka kutembea. Haki yangu ya kuchimba udongo bila glavu iko wapi?

Nikimwona namwagia maji. Jirani zangu wengine hawamwagi maji, wanaweka sumu kwenye vichwa vya samaki. Silitetei jambo hilo, ni ukatili. Ila msishangae kwamba lipo.

TABIBU WA WANYAMA
Jirani, glavu vaa hata paka wote wakihama, na mboga uzioshe. Hiyo ya vichwa vya samaki nimeikuta mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Paka anayetetemeka, mate yanamtoka, mboni zimekuwa kama ncha ya kalamu. Wenyewe hudhani ameng'atwa na nyoka.

MPENDA NDEGE
Nilitegemewa kusimama na mleta mada, lakini nitawaudhi wote. Makadirio yaliyochapishwa Marekani mwaka 2013 yalisema paka huua kati ya ndege bilioni 1.3 na bilioni 4 kwa mwaka katika nchi hiyo. Namba hiyo kila mtu anaitaja. Sehemu inayoachwa ni kwamba ndege wengi kati ya hao, kama theluthi mbili hivi, huuawa na paka wasio na mwenyewe. Sasa mnataka faini, mtamtoza nani? Mnamkamata mwenye paka aliyechanjwa, ana jina na bakuli lake, huku chanzo kikubwa cha tatizo kinazaliana nyuma ya majalala.

Na hao wasio na mwenyewe walitoka wapi? Kwa jike la mtu lililoachiwa bila kufungwa kizazi. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, hubeba kwa takribani wiki tisa, anazaa, anarudia. Anayetaka kupunguza vifo vya paka na vya ndege aanzie hapo.

Kwa wasiotaka kufungia kabisa: huko kusini-magharibi mwa Uingereza watafiti waliwapima paka wa majumbani, wakachapisha matokeo mwaka 2021. Chakula chenye nyama nyingi kilipunguza mawindo waliyoleta nyumbani kwa asilimia 36. Kucheza nao dakika 5 hadi 10 kila siku, kwa asilimia 25. Kengele ya shingoni haikusaidia kwa kiwango cha kuonekana, kwa hiyo mnaojitetea kwa kengele, poleni.

MLETA MADA
Mpenda ndege amenisogeza, lakini hajaning'oa. Nikiandika upya rasimu yangu itakuwa hivi. Kuhasi kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Chanjo ya kichaa cha mbwa. Kisha chipu ya kumtambulisha chini ya ngozi, kama England walivyofanya sheria tangu tarehe 10 Juni 2024, kwamba paka awe nayo kabla hajafikisha wiki 20. Na usiku asiwe nje. Aliyetoroka kwa bahati mbaya, mwenyewe asitozwe kitu, maana ukimtoza hatamtafuta hadharani. Atakaa kimya aogope faini, na paka ndiye atakayelipa. Faini iwe kwa anayemwachia ambaye hajahasiwa.

MPITA NJIA
Hapa sasa mnaongea. Ila akitoroka anatafutwaje? Wa dada yangu ametoka jana, tumezunguka mtaa mzima tunaita jina, kimya.

TABIBU WA WANYAMA
Acheni kuzunguka mtaa mzima. Utafiti wa mwaka 2018 juu ya paka waliopotea ulionyesha kwamba robo tatu ya waliopatikana walikuwa ndani ya mita 500 kutoka walipotokea. Huyo wa ndani yuko karibu kuliko mnavyodhani, na hajibu kwa sababu mnyama mdogo mwenye hofu hupiga kimya, hata akimsikia mtu anayempa chakula kila siku. Usiku kukitulia, dada achukue tochi, aishike usawa wa macho yake, alale chini kabisa amulike chini ya magari, chini ya ngazi, nyuma ya mapipa, kwenye matundu ya misingi ya nyumba. Atafute macho yanayowaka, asitafute paka. Aombe majirani wafungue stoo zao na wapige boneti kabla ya kuwasha gari asubuhi. Akimwona asimkimbilie, akae chini, aweke chakula chenye harufu kali, aongee taratibu. Na asikate tamaa upesi, wengine hupatikana baada ya wiki kadhaa.

MPITA NJIA
Namtumia sasa hivi. Ubarikiwe, daktari.

MAMA NYAU
Na akimpata, waweke wavu wa waya dirishani, si ule wa mbu. Wa mbu anauchana kwa kucha mbili.

SHUME
Nimewasikia. Kuhasi nitahasi, hilo daktari amenipata kwa FIV. Chanjo anayo. Chipu nitaweka. Usiku kumfungia, labda tutaelewana, mimi na yeye. Mchana anatoka, na mkitunga sheria ya kumfungia mchana tutakutana mahakamani.

JIRANI MWENYE BUSTANI
Sawa, Shume. Na mimi ndoo yangu ya maji iko palepale.