Mjadala: Ofisi ikiwekewa otomatiki, maandishi ya penseli ya karani yaende wapi?

Mleta hoja, Nakuru

Kuna msimamo ambao nausikia kila mahali sasa: kwamba kazi ya ofisi inayojirudia, kama kutuma vikumbusho vya mikopo, kupanga risiti au kupitisha fomu meza hadi meza, ikabidhiwe kompyuta yote na karani asiiguse tena. Mimi nakubali nusu yake tu, na nitaeleza kwa nini.

Nimeshika daftari la mikopo miaka tisa katika chama cha akiba, wengi wa wanachama wetu wakiwa wakulima wa Njoro na Molo. Lile daftari lina pambizo pana upande wa kushoto, na hapo huandika kwa penseli: "mume amelazwa", "pesa za maziwa huingia tarehe 15", "hulipa kwa simu ya binti yake". Siku ya kuwapigia waliochelewa, jicho langu huanzia pambizoni.

Mwaka jana kijana mmoja wa kompyuta alituwekea mtiririko wa otomatiki. Kazi aliifanya vizuri, sitamnyima haki yake. Kila saa mbili asubuhi jedwali linasoma tarehe, linamtafuta aliyechelewa zaidi ya siku saba, linamtumia ujumbe. Siku mbili nzima za kazi kila mwezi zikaokoka. Lakini pambizo halikupewa safu.

Jumamosi moja ujumbe wa kudai ukaingia kwenye simu ya mama mmoja, mwili wa mumewe ukiwa ndio unatolewa mochari. Jumatatu alifika ofisini, akaiweka simu juu ya meza yangu, akaigeuza ili nisome. Hakusema neno. Kwenye daftari, kabatini nyuma yangu, nilikuwa nimeandika tangu Jumatano kwa mazoea: "msiba, tusubiri mwezi ujao." Niliandika mahali ambapo kompyuta haioni.

Hoja yangu ni hii: mtiririko uchorwe kwanza na karani, kwa kalamu na karatasi, ndipo mtaalamu afungue programu yake. Yeye anajua kazi inavyotakiwa kwenda. Karani anajua inakokwama.

Mchangiaji, Kisumu

Dada, pole sana kwa hilo. Ila penseli unayoitetea ndiyo iliyoniumiza mimi. Nilipeleka fomu ya basari ya mdogo wangu katika ofisi moja, ikakaa wiki sita. Jirani aliyefahamiana na karani alipeleka yake baada yangu, akapata kabla yangu. Nilipouliza, nikaambiwa "bado inashughulikiwa". Fomu ingepokelewa kwa mtandao, ikapewa nambari na saa iliyoingia, asingekuwepo mtu wa kuihamisha chini ya rundo. Kompyuta haina shemeji. Kwangu mimi, afadhali ujumbe usio na huruma unaomfikia kila mtu kuliko huruma inayogawiwa kwa kujuana.

Mchangiaji, Kakamega

Mnazungumzia ujumbe, mimi nazungumzia kiti. Siku mbili zilizookolewa mwezi huu, mwakani zitakuwa sababu ya kumwondoa mtu. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri atoe notisi ya mwezi mmoja kazi ikiondolewa, na alipe angalau siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika. Wangapi kwenye ofisi ndogo hizi wanalijua hilo? Karani akiitwa kuuchora huo mtiririko, aulize kwanza yeye atawekwa wapi.

Mleta hoja, Nakuru

Mama wa Kakamega, neno lako nimelichukua kama lilivyo. Kwetu siku zile mbili zimeenda kwenye kuwatembelea wanachama, na niliomba hilo liandikwe kabla sijakubali.

Ndugu wa Kisumu, umenigusa panapouma, na una haki. Penseli yangu haikusomwa na mtu mwingine, kwa hiyo ningeweza kumfichia yeyote na nisijulikane. Ndiyo maana tulipoanza upya hatukuirudisha ilivyokuwa. Tumeongeza safu inaitwa "Simamisha". Anayeijaza huchagua sababu kwenye orodha fupi, huweka jina lake na tarehe ya mwisho. Safu ikiwa na kitu, ujumbe hauondoki. Kila Ijumaa meneja hupokea orodha ya wote waliosimamishwa, na nani amewasimamisha. Huruma imebaki, ila sasa ina sahihi.

Kuchora kwa kalamu kulifichua mengine pia. Mwanachama nambari 00417 alikuwa amegeuka 417, kwa sababu Excel hufuta sifuri za mbele usipoiambia kwamba hayo ni maandishi na si hesabu. Malipo yake yakawa hayamfikii, naye akahesabiwa mdaiwa. Na wapo wanaolipa kwa M-Pesa kupitia simu ya mtoto, kisha kwenye nafasi ya akaunti wanaandika jina la kijiji. Hayo mtiririko huyaweka kando nami nayapanga kwa mkono, kama dakika ishirini kwa siku.

Kuhusu basari, upokeaji wa fomu uwe wa otomatiki kabisa, nakuunga mkono. Kunyimwa ndiko nisikotaka kuachiwe mashine. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kina vighairi vyake, lakini msingi wake ni kwamba mtu asifungwe na uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake, na ana nafasi ya kuomba ufikiriwe upya.

Kinachonitatiza bado ni muda. Sababu kama ugonjwa isimamishe deni siku ngapi kabla haijageuka upendeleo ule ule unaoulalamikia? Sisi tumeanza na siku 30, na tayari wawili zimewaishia wakiwa bado wagonjwa. Walio kwenye ofisi za akiba Bungoma, Kitale na Migori, nyinyi mmeweka ngapi?