IPv6 ikiwashwa baadhi ya kurasa zinaganda, ikizimwa zinafunguka

Swali
Wakuu, mtandao wetu unatumia IPv4 na IPv6 (mifumo ya zamani na mpya ya anwani za intaneti) kwa pamoja juu ya PPPoE, njia ya kuunganishwa na mtoa huduma. Ping ya IPv6 inajibu vizuri, ila kurasa kadhaa zinaganda katikati na kutuma faili kubwa hakumaliziki. Kwa ICMPv6 (ujumbe wa taarifa na makosa wa IPv6), faiwoli inapitisha ping tu. Je, niizime IPv6 nibaki na NAT (mashine nyingi kutumia anwani moja ya IPv4)?

Jibu
Usiizime, mkuu. Kwenye IPv6 ruta ya njiani hairuhusiwi kukata pakiti vipande. Pakiti ikizidi kipimo inatupwa, na mtumaji anarudishiwa ICMPv6 aina ya 2 ili apunguze ukubwa. Faiwoli yako inaumeza ujumbe huo, kwa hiyo mashine inarudia kutuma pakiti ileile bila kujua kosa. Ping ni ndogo, ndiyo maana inapita.

Ruhusu ICMPv6 aina ya 1 hadi 4. Hiyo inatibu unachotuma. Kwa unachopokea, huenda kizuizi kiko upande wa seva, usikoweza kugusa, hivyo punguza MSS (ukubwa wa juu wa data katika pakiti moja ya TCP) kwenye ruta yako:

`nft add rule inet filter forward tcp flags syn tcp option maxseg size set rt mtu`

PPPoE inakula baiti 8, MTU (ukubwa wa juu wa pakiti nzima) inabaki 1492. Ukitoa 40 za kichwa cha IPv6 na 20 za TCP, MSS ni 1432. Kwa IPv4 ni 1452. Ruta nyingi hupunguza MSS kwa IPv4 peke yake, hapo ndipo tofauti unayoiona inapotokea. Pima kwenye Linux: `ping -6 -M do -s 1444` ikifuatwa na anwani ya seva ipite (1492 ukitoa 40 za IPv6 na 8 za ICMPv6), 1445 ikatae.

Jibu
Kuhusu NAT: angalia anwani ya nje ya ruta. Ikiwa ndani ya 100.64.0.0/10 (yaani 100.64 hadi 100.127 mwanzoni), mtoa huduma anakuchanganya na wateja wengine kwenye anwani moja, na kufungua poti kwako hakusaidii kitu. IPv4 ina biti 32 tu, na akiba kuu ya IANA, wasimamizi wa anwani duniani, iliisha Februari 2011. Mwombe mtoa huduma fungu la anwani za IPv6 la /56: utapata mitandao 256 ya /64, kila mmoja kwa mtandao mmoja wa ndani. Usiigawe /64 zaidi, mashine zitashindwa kujipangia anwani zenyewe.

Muulizaji
Bila NAT, si mashine zote zitakuwa wazi?

Jibu
Zitakuwa wazi usipoweka kanuni, kwani kanuni za iptables (faiwoli ya Linux) haziigusi IPv6 hata kidogo; ina ip6tables yake. Zuia miunganisho mipya kutoka nje, ruhusu majibu ya iliyoanzishwa ndani. Kwenye ruta yenyewe usifunge ICMPv6 aina ya 133 hadi 136: ndizo zinazofanya kazi ya ARP (kutafuta mashine jirani) na kutangaza ruta, ukizifunga mtandao wote wa ndani unapoteana.