Mjadala: Je, anayeanza kuandika programu apewe lugha inayogeuza aina za data kimyakimya?

Mtoa hoja, Chumbageni, Tanga

Ndugu wasomaji, naomba tujadili jambo lililotugawa walimu wa darasa letu la jioni hapa Chumbageni. Wenzangu wawili wanashikilia kwamba kijana aanze na lugha ya programu iitwayo C, kwa kuwa lugha nyingi zimezaliwa humo. Mimi nasema aanze na lugha nyingine, Java, na sababu yangu ni namna lugha hizi, ambazo kwa sura ni ndugu kabisa, zinavyoachana katika kugeuza aina za data, mfano namba ya desimali kuwa namba kamili.

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu aliandika kwa C programu ya kuuzia pweza pale soko la samaki la Deep Sea. Mzani ulisoma kilo 3.7, naye alikuwa ameuhifadhi uzito huo katika kigeu (nafasi yenye jina ya kuwekea thamani) cha namba kamili. C ilikata desimali bila kulalamika, ikabakiza 3, na kwa bei ya shilingi 8,000 kwa kilo aliyoiweka, mvuvi akaandikiwa 24,000 badala ya 29,600. Tulitumia karibu saa nzima kukagua kuzidisha, ambako hakukuwa na kosa lolote. Java ingeikataa programu hiyo palepale, mpaka mwandishi aweke mwenyewe neno int (jina la aina ya namba kamili) ndani ya mabano mbele ya thamani, yaani akiri kwamba anajua kuna kinachopotea.

Anayeona hili ni dogo akumbuke roketi ya Ariane 5, iliyoangamia tarehe 4 Juni 1996, sekunde kama 40 tu baada ya kuruka, kwa sababu namba ya desimali ya biti 64 iligeuzwa kuwa namba kamili ya biti 16, ambayo haivuki 32,767.

Mchangiaji, Bagamoyo

Shikamoo mwalimu. Habari ya pweza nimeielewa, ila roketi inakupinga. Programu ile iliandikwa kwa lugha ya Ada, ambayo ni kali kuliko Java, na ugeuzaji ule uliandikwa kwa makusudi. Kilichokosekana ni kinga pale namba ilipozidi kipimo. Hata Java, ukiiamuru igeuze 200 kuwa aina ya byte, namba kamili ndogo isiyovuka 127, inakupa -56 bila neno. Tena kigeu cha namba kamili chenye 5 ukikiongezea 3.7 kwa alama ya +=, inayojumlisha na kuhifadhi jibu humohumo, unapata 8 kimyakimya, kama ilivyo katika C. Isitoshe, GCC, ambayo ni kompaila, yaani programu inayotafsiri C kwa ajili ya kompyuta, hutoa onyo la ugeuzaji wa namna hii ikiombwa kwa kuandikiwa -Wconversion. Mfundisheni kijana kuliomba.

Mtoa hoja

Marahaba. Kuhusu Ariane nakubali, mfano ule unathibitisha hoja yako zaidi ya yangu, na alama ya += sina pa kuitetea; nitaiandika ubaoni kipindi kijacho. Lakini lililoandikwa linaweza kutafutwa. Mwanafunzi wa Java akipungukiwa na 5,600, atapitia kila mahali alipoweka int ndani ya mabano na kujiuliza ni nini kilipotea pale, ilhali yule wa C hakuandika chochote, kwa hiyo hana pa kuanzia. Na onyo la kuombwa halimsaidii mtu ambaye bado hajui kwamba kuna la kuomba. Je, ninyi mnaofundisha kwa C huliwasha tangu somo la kwanza, au mnangoja mpaka mtu apotelewe na hesabu?